Namna ya Kusoma na Kuandika Majina ya Kampaundi za Kaboni: ya Mazoea na ya Kimfumo

Kimiminika ambacho mara nyingi hutumika kufutia rangi ya kucha huandikwa asetoni kwenye chupa ya dukani, propanoni katika daftari la mwanafunzi wa sekondari, propan-2-oni katika makala za wanakemia, na pengine dimethili ketoni kwenye pipa la zamani la kiwandani. Kilichomo ni kilekile: atomi tatu za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni, zilizopangwa kwa namna moja tu. Mwanafunzi ambaye hakuelezwa sababu ya wingi huu hudhani kwamba ana majina manne ya kukariri kwa kila kampaundi, na hukata tamaa mapema. Majina hayo, hata hivyo, hayafanyi kazi moja. Jina la mazoea hueleza kitu kilitoka wapi au kilipatikana katika nini, ilhali jina la kimfumo ni maagizo ya kuchora molekuli. La kwanza halina budi kukaririwa. La pili hujengwa na kubomolewa kwa kanuni. Mwongozo huu unahusu kazi ya kujenga na kubomoa, pamoja na mahali ambapo jina la mazoea linastahili kuachwa liendelee kutumika.

Kwa nini mazoea hayakutosha

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 mwanakemia aliyetenga kitu kipya alikiita kwa jina la mmea, mnyama au chakula alimokipata. Friedrich Wöhler alipotengeneza yurea maabara mwaka 1828, bila kuhitaji figo ya mnyama yeyote, kitu hicho kilikuwa tayari na jina lake lililotokana na mkojo, na jina hilo ndilo tunaloliona hadi leo kwenye mifuko ya mbolea. Utaratibu huo ulifaa wakati kampaundi zilizojulikana zilikuwa chache.

Ulianza kushindwa pale ilipodhihirika kwamba atomi zilezile, kwa idadi ileile, zinaweza kupangwa kwa namna nyingi, na kila mpangilio ukawa kitu kingine chenye tabia zake. Butani, yenye kaboni nne na hidrojeni kumi, ina mipangilio miwili. Kaboni tano zina mitatu, ambayo kwa mazoea huitwa pentani, isopentani na neopentani. Ya kwanza huchemka kwenye nyuzijoto 36 hivi za selsiasi, ya pili kwenye 28, na ya tatu kwenye 9.5, yaani katika chumba cha kawaida cha Dar es Salaam ya tatu ni gesi. Kaboni sita zina mipangilio mitano, saba zina tisa, nane zina 18, kumi zina 75, na kaboni ishirini zina mipangilio 366,319. Viambishi kama “iso” na “neo” huwa vimekwisha kazi zamani kabla mtu hajafika huko.

Mwaka 1892 wanakemia kutoka nchi kadhaa za Ulaya walikutana Geneva wakakubaliana kwamba jina lijengwe juu ya mnyororo wa kaboni ulio mrefu kuliko yote katika molekuli. Kanuni hizo baadaye zikawa chini ya Muungano wa Kimataifa wa Kemia Tupu na Tumizi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake IUPAC, ulioanzishwa mwaka 1919. Mapendekezo yake makubwa ya karibuni kuhusu kemia ogania yalitolewa mwaka 2013, nayo yana jambo moja ambalo walimu wengi hawalitaji, nitakalolirudia baadaye.

Vipande vya jina

Msomaji aliyewahi kuchambua kitenzi cha Kiswahili shuleni ana mwanzo mzuri, kwa kuwa jina la kimfumo nalo lina mzizi katikati, viambishi awali mbele yake na viambishi tamati nyuma yake, na kila kipande kina nafasi yake. Mzizi hutaja idadi ya kaboni katika mnyororo mkuu. Baada ya mzizi hufuata kipande kinachotaja aina ya miungo baina ya kaboni hizo, kisha kipande kinachotaja kundi tendaji, yaani ile sehemu ya molekuli inayoamua jinsi itakavyofanya kazi na vitu vingine. Viambishi awali hutaja matawi na vitu vilivyoshikizwa pembeni.

Mizizi ya kuanzia moja hadi kumi ni meth, eth, prop, but, pent, heks, hept, okt, non na dek. Sita ya mwisho ni namba tu, zilizotolewa katika Kigiriki na Kilatini. Minne ya mwanzo ndiyo inayomsumbua mwanafunzi, kwa sababu haifanani na namba yoyote, na sababu yake ni kwamba si namba. “But” inatokana na asidi iliyopatikana katika siagi iliyochacha. “Prop” inatokana na asidi ya propioniki, ambayo jina lake la Kigiriki linamaanisha mafuta ya kwanza. “Eth” ni mabaki ya neno etha. “Meth” ilibuniwa na Wafaransa Dumas na Péligot mwaka 1834 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kileo na mti, kwa kuwa methanoli ilipatikana kwa kukaanga kuni bila hewa na kukusanya mvuke wake. Kwa hiyo hata mfumo wenyewe umesimama juu ya mazoea manne ya zamani, na hayo manne hakuna njia ila kuyakariri.

Miungo hutajwa kwa sauti tatu zinazokaribiana: -ani pale kaboni zote zinaposhikana kwa muungo mmoja mmoja, -eni palipo na muungo maradufu, na -aini palipo na muungo wa mara tatu. Ethani, etheni na ethaini ni gesi tatu tofauti kabisa, kwa hiyo irabu hizo zitamkwe na kuandikwa kwa uangalifu. Hapa majina ya mazoea yana mtego. Etheni kwa mazoea ni ethileni, gesi ambayo ndizi huitoa zenyewe zinapoiva. Ethaini kwa mazoea ni asetileni, gesi inayotoka kabaidi ikiguswa na maji, ambayo mafundi wa gereji huitumia kuchomelea. Mwisho wa jina asetileni unafanana na ule wa muungo maradufu, ilhali muungo uliomo ni wa mara tatu. Jina hilo lilianza kutumika kabla kanuni ya viishio haijawekwa, na halikubadilishwa.

Kujenga jina kutoka mchoro

Tuchukue molekuli hii: CH3–CH(CH3)–CH2–CH(OH)–CH3.

Jambo la kwanza ni kutafuta kundi tendaji, si kuhesabu kaboni. Hapa kuna OH, kwa hiyo ni alkoholi, na jina litaishia kwa -oli. Jambo la pili ni kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote unaolibeba kundi hilo. Una kaboni tano, hivyo mzizi ni pent. Jambo la tatu, ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi ya mitihani, ni kuchagua upande wa kuanzia kuhesabu. Ukianzia kushoto, tawi la methili, yaani CH3, linakaa kwenye kaboni namba 2 na OH kwenye namba 4; ukianzia kulia, OH inakaa kwenye namba 2 na methili kwenye namba 4. Kundi tendaji hupewa namba ndogo kwanza, na tawi hupokea namba itakayobaki. Jina basi ni 4-methilipentan-2-oli. Wauzaji wa kemikali za viwandani bado huiita methili isobutili karbinoli, jina linaloichukua kaboni yenye OH kuwa kitovu na kutaja vilivyoshikizwa kwake kulia na kushoto. Ni jina linaloeleweka, lakini lazima uwe tayari unajua isobutili ni nini.

Iwapo hakuna kundi tendaji wala muungo maradufu, matawi ndiyo huamua upande wa kuanzia. Namba zote za matawi hupangwa kuanzia ndogo, kisha orodha mbili zinalinganishwa tarakimu kwa tarakimu, na ile inayotangulia kuwa ndogo ndiyo inayoshinda. Mnyororo wa kaboni tano wenye methili tatu unaweza kuhesabiwa 2,2,4 au 2,4,4. Tarakimu ya kwanza ni sawa, ya pili ni 2 dhidi ya 4, hivyo jina ni 2,2,4-trimethilipentani. Hii ndiyo kampaundi iliyopewa daraja 100 katika kipimo cha oktani cha petroli, huku heptani ikipewa 0. Kwa mazoea huitwa isooktani, na jina hilo ni bovu hata kwa viwango vya mazoea yenyewe, kwani “iso” kwa kawaida humaanisha methili moja karibu na mwisho wa mnyororo, nayo hii ina tatu.

Vitu vinavyofanana hukusanywa pamoja kwa di, tri na tetra, na matawi tofauti hupangwa kwa alfabeti bila kuhesabu hivyo vitangulizi vya idadi. Ndiyo maana huandikwa 4-ethili-2,2-dimethiliheksani, ethili ikitangulia dimethili: kinacholinganishwa ni e na m, si e na d. Anayeandika kemia kwa Kiswahili hukutana hapa na tatizo ambalo vitabu vya lugha nyingine haviwezi kumtatulia. Katika maandishi ya kimataifa tawi la klorini huanza kwa herufi c, hivyo hutangulia ethili. Kwetu huanza kwa k, na kwa alfabeti yetu lingekuja baada ya ethili. Ushauri wangu ni kufuata mpangilio wa kimataifa na kuandika 2-kloro-3-ethilipentani, hata kama alfabeti ya Kiswahili inalalamika, kwa sababu jina hili litalinganishwa na lebo, na majibu ya mtihani, na orodha za kemikali, ambako vipande vitakuwa vimepangwa kwa utaratibu huo.

Alama nazo ni sehemu ya jina. Namba na namba hutenganishwa kwa mkato, namba na herufi hutenganishwa kwa kistari, na hakuna nafasi tupu ndani ya neno. Irabu ya mwisho ya propani hudondoka inapofuatwa na irabu, kama katika propan-2-oli, lakini hubaki inapofuatwa na konsonanti, kama katika propani-1,2,3-trioli, ambayo ndiyo gliseroli, au gliserini, ya kupaka midomo.

Ukishaandika jina, lijaribu kwa kulichora upya bila kutazama mchoro wa kwanza. Chukua jina 2-ethilibutani, ambalo kwa sauti halina kasoro yoyote. Chora kaboni nne, kisha shikiza kaboni mbili kwenye ile ya pili. Sasa hesabu tena kuanzia ncha ya tawi: utapata mnyororo wa kaboni tano wenye methili katikati, yaani 3-methilipentani. Mnyororo mkuu haulazimiki kuwa umenyooka kwenye karatasi. Unaweza kupinda kona, kupanda juu na kushuka, na mchoraji wa mtihani mara nyingi huupindisha kwa makusudi.

Kundi lipi linatawala

Molekuli nyingi zina makundi tendaji mawili au zaidi, lakini jina lina nafasi moja tu ya kundi kuu mwishoni. Utaratibu wa ukuu, kwa makundi ambayo mwanafunzi hukutana nayo zaidi, huanza na asidi, kisha esta, amidi, aldehidi, ketoni, alkoholi na mwisho amini. Kundi lililo juu huchukua kiambishi tamati. Yaliyosalia hugeuka kuwa viambishi awali: OH huwa hidroksi, amini huwa amino, na oksijeni ya ketoni huwa okso. Klorini, bromini na nitro haziingii katika mashindano haya, kwa kuwa daima hukaa mbele ya mzizi.

Asidi za kaboni ndizo zinazofaa zaidi kwa mazoezi, maana nyingi zimo jikoni na majina yake ya mazoea yana historia ndefu. Asidi ya methanoiki, HCOOH, kwa mazoea ni asidi ya fomiki, kutokana na jina la Kilatini la sisimizi, kwa kuwa Mwingereza John Ray alieleza mwaka 1671 jinsi alivyoipata kwa kukeneka sisimizi, yaani kuwachemsha na kukusanya mvuke wao. Asidi ya ethanoiki ni asidi ya asetiki, nayo ndiyo inayoifanya siki iwe kali. Asidi ya propanoiki ni ya propioniki, na asidi ya butanoiki ni ya butiriki, ile ya siagi iliyochacha.

Tunapofika kaboni sita, nane na kumi ndipo mazoea yanapokuwa hatari. Asidi hizi tatu zimo katika maziwa ya mbuzi, na wote waliozipa majina walimkumbuka mnyama huyohuyo: asidi ya kaproiki ina kaboni sita, ya kapriliki ina nane, na ya kapriki ina kumi. Karani anayeagiza kemikali kwa simu hawezi kuwa na uhakika kwamba aliye upande wa pili amesikia silabi sahihi. Asidi ya heksanoiki, ya oktanoiki na ya dekanoiki hazina utata huo. Kwa tatu hizi sioni sababu yoyote ya kuendelea na mazoea, isipokuwa kuyatambua yanapoonekana kwenye lebo ya sabuni au mafuta ya nywele. Asidi ya lauriki, yenye kaboni kumi na mbili, haina mwenzake wa kuchanganywa naye kirahisi, na wanaofanya kazi na mafuta ya nazi, ambamo asidi hiyo ni karibu nusu ya asidi za mafuta zote, hawataacha kuiita hivyo kwa ajili ya kusema asidi ya dodekanoiki.

Jaribu sasa kubomoa jina refu zaidi. Uchachu wa ukwaju unatokana hasa na asidi ya tartariki, ambayo kwa mfumo ni asidi ya 2,3-dihidroksibutanidioiki. Anza kusoma kutoka mwisho. “Dioiki” ni makundi mawili ya asidi, na kwa kuwa kundi la asidi lazima likae ncha ya mnyororo, moja liko kila upande. “Butani” ni kaboni nne kwa jumla, zikiwemo zile mbili za ncha. Zinabaki kaboni mbili za katikati, namba 2 na namba 3, na “2,3-dihidroksi” inaweka OH moja kwenye kila mojawapo. Mchoro umekamilika: HOOC–CH(OH)–CH(OH)–COOH. Jina la mazoea lisingekupa hata moja kati ya hayo.

Kosa la kuepuka hapa ni kusahau kwamba kaboni ya kundi la asidi huhesabiwa, na daima ni namba 1. Katika mtindo wa zamani wa herufi za Kigiriki haihesabiwi: alfa ni kaboni inayofuata baada yake, kwa hiyo alfa ni sawa na namba 2, na beta ni sawa na namba 3. Asidi ya maziwa mgando, yaani ya laktiki, huweza kuandikwa asidi ya alfa-hidroksipropioniki au asidi ya 2-hidroksipropanoiki, na herufi na namba zote zinaashiria kaboni ileile. Usichanganye mitindo miwili kwa kuandika alfa pamoja na propanoiki. Nayo “omega-3” ya mafuta ya samaki ni hesabu nyingine kabisa, kwani huanzia upande wa pili wa mnyororo, kwenye methili ya mwisho.

Esta husomwa kama maneno mawili, la kwanza likitoka kwenye alkoholi na la pili kwenye asidi. Ethili ethanoati, au ethili asetati, imetokana na ethanoli na asidi ya ethanoiki. Kampaundi inayotoa harufu ya ndizi mbivu katika peremende ni 3-methilibutili ethanoati, ambayo wachanganyaji wa ladha huiita isoamili asetati. Amini ni rahisi ukishaelewa kwamba herufi N iliyosimama mahali pa namba humaanisha kitu kimeshikizwa kwenye nitrojeni, si kwenye kaboni. Trimethilamini, inayonuka kwa samaki asiye mbichi tena, kwa mfumo ni N,N-dimethilimethanamini. Hapa jina la mazoea ni fupi na linaeleza muundo bila kasoro, nami sioni faida ya kuliacha nje ya mtihani.

Pete ya benzeni na karafuu

Benzeni ni pete ya kaboni sita. Ukishikiza kitu kimoja hakuna haja ya namba, kwa kuwa nafasi zote sita ni sawa: methilibenzeni, kwa mazoea tolueni, ni moja tu. Vikiwa viwili kuna nafasi tatu zinazowezekana, na mazoea huzitaja kwa ortho, meta na para, ambazo ni sawa na 1,2, 1,3 na 1,4. Baadhi ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini ni paradiklorobenzeni, yaani 1,4-diklorobenzeni, ilhali vingine ni nafthaleni, ambayo ni pete mbili zilizoungana upande na ambayo mfumo umeiachia jina lake. Vikishikizwa vitu vitatu au zaidi, ortho, meta na para hazifai tena na namba ni lazima.

Sasa tuchukue mfano unaotuhusu. Harufu ya karafuu za Pemba na Unguja inatokana zaidi na eujenoli, jina lililochukuliwa kutoka jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Jina lake la kimfumo ni 2-methoksi-4-(prop-2-en-1-ili)fenoli. Soma kutoka mwisho tena: fenoli ni pete ya benzeni yenye OH, na kaboni inayobeba OH hiyo ni namba 1 bila kuandikwa. Kwenye namba 2 kuna methoksi, yaani oksijeni inayobeba CH3. Kwenye namba 4, mkabala na OH, kuna kitu kilichofungiwa ndani ya mabano. Mabano yanamaanisha kwamba namba zilizomo ndani ni za tawi lenyewe, hazihusiani na pete. Prop ni kaboni tatu. -2-en- ni muungo maradufu unaoanzia kaboni ya pili ya tawi. -1-ili ni kwamba tawi limeshikwa na pete kwa kaboni yake ya kwanza. Tawi basi ni –CH2–CH=CH2, ambalo kwa mazoea huitwa alili. Hesabu atomi zote na utapata C10H12O2, ambayo ndiyo fomula ya eujenoli. Hesabu hiyo ya mwisho isirukwe, maana ni njia ya haraka ya kugundua kwamba umesahau tawi.

Dawa za kuulia wadudu na za hospitali zina majina ya aina ya tatu, yaliyofupishwa. DDT ni kifupi cha diklorodifeniltrikloroethani, jina lenye sura ya kimfumo lakini lisilo na namba hata moja, kiasi kwamba linaweza kuchorwa kwa namna nyingi. Jina linalofunga mlango huo ni 1,1,1-trikloro-2,2-bisi(4-klorofenili)ethani, ambamo “bisi” ni mara mbili na “fenili” ni pete ya benzeni ikiwa tawi. Parasetamoli, ambayo Marekani huitwa asetaminofeni, ni N-(4-hidroksifenili)asetamidi. Majina yote mawili ya dukani yalikatwa kutoka jina moja refu la kikemia, kila upande ukichagua silabi zake.

Jina lipi liandikwe wapi

Lile jambo la mwaka 2013 nililolitaja ni kwamba IUPAC yenyewe haikuyafukuza mazoea yote. Katika mapendekezo hayo, jina linalopendelewa la CH3COOH ni asidi ya asetiki, na la HCOOH ni asidi ya fomiki. Asetileni, fomaldehidi, tolueni, fenoli, anilini na yurea nazo zimebaki. Kwa upande mwingine asetoni haikupewa hadhi hiyo, ingawa inaruhusiwa katika matumizi ya jumla. Linalopendelewa ni propan-2-oni. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba jina asidi ya asetiki “si la kisayansi” anamwonea. Pamoja na hayo, mtihani wa sekondari unaodai jina la kimfumo unatarajia asidi ya ethanoiki, na mtahiniwa mwenye busara huandika kile swali linachodai.

Mapendekezo hayohayo yalibadilisha pia kanuni moja ambayo vitabu vingi vya shule bado vinaifuata kwa namna ya zamani. Zamani mnyororo mkuu ulilazimika kuwa na muungo maradufu hata kama si mrefu kuliko yote. Sasa urefu ndio unaotangulia. Kampaundi CH2=C(CH2CH3)–CH2–CH2–CH3 ilikuwa 2-ethilipent-1-eni, na sasa inayopendelewa ni 3-methilideniheksani. Ukikutana na majina haya mawili katika vitabu viwili, usidhani kwamba kimojawapo kina kosa la uchapaji. Vimefuata kanuni za nyakati tofauti.

Katika ghala, maabara na duka la kemikali kigezo ni usalama, na hapo jina lolote peke yake halitoshi. Methili na ethili hutofautiana kwa silabi moja, lakini ethanoli ndiyo kileo cha bia na methanoli hupofusha na kuua, hata kwa kiasi kidogo. Spiriti inayouzwa kwa jina la spiriti iliyotiwa methili kwa sehemu kubwa ni ethanoli, iliyochanganywa na methanoli ili isinywewe, kwa hiyo jina lake linataja kilicho kidogo na kunyamazia kilicho kingi. Anayeagiza au kupokea kemikali aandike jina la kimfumo, aweke la mazoea pembeni yake kwa ajili ya wasaidizi waliolizoea, kisha aongeze namba ya usajili ya CAS, orodha ya kimataifa inayokipa kila kitu cha kikemia namba yake, ambayo haibadiliki kwa lugha wala kwa tahajia: 64-17-5 ni ethanoli, 67-56-1 ni methanoli, 67-64-1 ni asetoni. Namba ikikataa kulingana na jina lililo kwenye chupa, chupa hiyo isifunguliwe hadi muuzaji atoe maelezo kwa maandishi.